Mkono wa Kushoto wa Orlene

Mwaka 1956, wiki nzima Orlene Stubbs alipiga pasi mashati ya watu kwa dobi, hapa kwetu Arkansas, huku redio ikimwaga muziki wa rokenroli. Jumapili alitupigia piano kanisani, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na wazimu wake.

Mchungaji Pruitt, mtu asiyejua hata kupiga mluzi, aliulaani muziki huo kila ibada. Siku moja akasema, "Dada Orlene, hebu wapigie kidogo, waujue uchafu wenyewe wapate kuukimbia."

Orlene akavua viatu. Piano ikatetemeka, mabenchi yakacheza, shemasi Vester akaruka na mkongojo wake, mimi kofia sijui ilikwenda wapi. Mchungaji, jasho likimtiririka, akapaza sauti, "Mmeuona ushetani?"

"Samahani, Mchungaji," Orlene akasema akihema. "Huo ni wimbo wetu wa Jumapili iliyopita, nimeuchangamsha tu kupasha vidole moto. Wa shetani bado sijauanza."

Kisha Bibi Mossie, mama mzazi wa Mchungaji, akafoka kutoka benchi la mbele, "Sasa unangoja nini, Orlene? Anza!"