Nyumba ya Ndani ya Mti

Baba yangu alizaliwa ndani ya mti. Niliposema hivyo chumbani kwetu Al Barsha, hapa Dubai, tunamolala walinzi tu, mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza yai lilichukua muda gani kuanguliwa. Nilinuna siku nzima. Hasira zangu ziko karibu, sikatai.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Babu na nyanya walipogawiwa shamba kando ya msitu, hawakuwa na mbao wala mabati. Walikuta mti mkubwa ajabu, umeoza ndani lakini juu bado una majani. Wakaufagia, wakachonga mlango na dirisha, wakapanga mafiga katikati, wakahamia. Baadaye walijenga nyumba ya kawaida, ila mti ukabaki kuwa jiko, na sasa ni jiko la mama.

Juzi juzi ndugu yangu mdogo akaanza kumjengea mama nyumba ya mawe. Alinipigia nikiwa langoni mwa hoteli: mti umekaa panapotakiwa msingi, na mkata miti anakuja kesho na msumeno wake wa injini.

“Ukiugusa tutakosana,” nikamwambia.

“Wewe uko Dubai huko. Jiko linavuja, na anayenyeshewa ni mama, si wewe.”

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Niliupenda ule mti kuliko kitu chochote pale nyumbani, na nilichoweza kufanya ni kushika simu tu kwenye joto.

Asubuhi akapiga kwa video. “Ongea na mama yako. Amekataa kutoka.”

Nikaona moshi ukitoka dirishani mwa mti. Mkata miti alikuwa ameketi nje, sahani ya githeri mapajani, msumeno kando. Kwetu nyumba haibomolewi moto ukiwaka. Mwenye jiko huutoa moto mwenyewe kwanza, na hakuna anayeruhusiwa kumtolea. Ndugu yangu, na ramani zake zote, alikuwa amesahau.

“Mama, utautoa lini?” nikauliza kwa hofu.

“Ukizima.” Akasukuma ukuni ndani. “Nyumba ya mawe naitaka. Aisogeze kule kwenye viazi.”

Nilicheka mpaka msimamizi akanipigia kelele, yalla, rudi langoni.

Moto haukuzima wiki nzima. Huko kulikuwa kunanyesha, na mama si kijana, hivyo sikuwa na raha. Mwishowe nikampigia ndugu yangu nijue kama mti umeshaanguka. Alipokea akihema.

“Nitakupigia baadaye,” akasema. “Kuni za mama zimeloa, nampasulia zingine.”