Kumfikisha Kapunda

Kama ulikulia Kitengela wakati njia za mtaa wa Noonkopir zilikuwa bado udongo mweusi, unajua kwamba mvua ikinyesha ulifika nyumbani na viatu vya matope juu ya viatu vya shule. Unaujua pia upepo wa kiangazi, ule wa kung'oa sare kwenye kamba na kuipeleka kwa jirani. Na kama wewe ni wa rika langu, huenda unaikumbuka ile katuni ambayo sisi watoto wa ploti yetu tuliiita Kapunda.

Ilikuwa hadithi ya mtoto wa punda aliyeachwa nyuma na msafara wa kubeba chumvi. Mama yake alikuwa kwenye msafara huo, ng'ambo ya milima, naye akaamua kumfuata peke yake. Tuliitazama kwa kina Ifrah, rafiki yangu, kwa sababu baba yake alikuwa na duka la nguo karibu na soko la mifugo, na wao ndio waliokuwa na deki. Tulijipanga kwenye zulia na sambusa mkononi, miguu imeoshwa kwa amri ya mama yake. Shida ilikuwa diski. Ilikuwa ya kunakiliwa, imejaa mikwaruzo, na ilikwama kila mara pale pale: Kapunda anafika kwenye korongo la mwisho, anainua masikio, kisha picha inavunjika vipande vipande. Tuliisugua kwa fulana, kwa mate, kwa dawa ya meno. Tuliipulizia kama chai ya moto. Wapi! Tulijua filamu nzima isipokuwa jambo moja tulilotaka kulijua: alimpata mama yake au hakumpata?

Ndipo binamu yake Ifrah akamletea kutoka Nairobi gemu ya mkononi ya Kapunda. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, kubwa kama kipande cha sabuni, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina, au sisi tuliamua ni Kichina. Kitufe kimoja aruke, kingine apige teke. Mioyo mitatu, jangwa, msitu, barafu, korongo. Haikuhifadhi chochote. Ukiizima, au betri zikiisha, unarudi jangwani.

"Nashipae, humu ndani lazima kuna mwisho," Ifrah aliniambia. "Na wewe ndio uko na mkono mzuri. Mfikishe."

Sasa nikiri. Mimi ni mtu wa kurudia. Wino ukimwagika kidogo daftarini, nilichana ukurasa. Ukurasa wa upande wa pili ukalegea, nao nikauchana, mpaka daftari likabaki jalada na aibu. Hata leo, ninapojifundisha kuchora katuni kwenye kompyuta ya mtumba, naweza kufuta sikio moja jioni nzima. Basi Kapunda akipoteza moyo mmoja tu, nilizima gemu nikaanza upya. Niliamini kwamba mwisho wa kweli huonyeshwa mtu aliyefika bila doa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe na nikajitii, likizo nzima, kidole gumba kikiwa na malengelenge.

"Walahi wewe ni mgonjwa," Ifrah alisema. "Ameumia kidogo tu!"

"Siwezi, Ifrah. Nitaanza tena."

Betri nazo zilikuwa vita. Watoto wa leo hawajui kuanika betri. Sisi zikizimika tulizipanga juu ya mabati ya choo cha ploti, jua la Kajiado likazioka, kisha tukaziuma ubavuni mpaka zikabaki na alama za meno. Zikaamka, angalau kwa muda wa kuvuka jangwa. Majirani walituuliza kama kwetu chakula kimeisha.

Halafu Ifrah akaja bila kucheka. Baba yake alikuwa amepata duka Garissa, karibu na nduguze, na lori lingekuja kesho asubuhi. Gemu ilikuwa yake, ingeenda naye. Wala sikuwa na betri hata moja ambayo ingeamka tena.

Asubuhi hiyo wanaume walikuwa wakipandisha magodoro kwenye lori, nasi tumeketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu na gemu iliyozimika. Yeyo, ndivyo sisi Wamaasai tunavyomwita mama, alikuwa amerudi kutoka kuuza maziwa, anasikiliza matangazo ya Kimaa kwenye karedio kake.

"Nyinyi mnatafuta nini humo ndani kila siku?" akauliza.

"Mama wa punda," nikasema. Nilipoyasikia maneno yangu nilitaka kujificha.

Yeyo alitutazama, akalitazama lori. Kisha akaifungua redio mgongoni, katikati ya tangazo, na kunipa betri zake.

"Habari za watu nitaambiwa sokoni. Huyo mtoto apelekwe kwa mama yake. Lakini usizime tena, Nashipae. Hakuna zingine."

Nikacheza. Jangwa likapita, msitu ukapita. Kwenye barafu Kapunda akateleza, moyo mmoja ukaenda. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuzima, kama kawaida. Ifrah akanishika mkono.

"Punda gani hana kidonda?" akaniambia. "Si unaona wale wa kubeba maji? Na maji yanafika."

Nikaendelea. Moyo wa pili ukaenda kwenye daraja, na masikio yangu yakawaka moto kwa hasira. Nikaendelea. Kule barabarani baba yake akaita, "Ifrah! Gari inangoja!"

"Aabo, kidogo tu!"

Kioo kilianza kufifia. Kwenye korongo nilikuwa naruka kwa kukisia, Ifrah akinipumulia shingoni. Mara picha ikatulia: punda mkubwa na punda mdogo, paji kwa paji, na chini yao mstari wa maandishi.

Ifrah akausoma kwa sauti, kana kwamba alisoma Kichina tangu nasari: "Mama anasema, umechelewa, lakini si umefika?"

Tulipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Kisha akatoa betri, akaniambia, "Rudishia Yeyo," akapanda lori.

Siku hizi Noonkopir ni ghorofa kila upande, na mpwa wangu Lemayian anacheza gemu ambayo ukifa unatazama tangazo la sabuni, unafufuka. Mwezi uliopita niliipata ile filamu kwenye simu, nzima, haina hata mkwaruzo. Nikampa aone tulichohangaikia. Akaisukuma kwa kidole mpaka mwisho kabla sijamaliza kumenya kitunguu.

"Auntie, amempata," akasema, akarudi kwenye gemu yake.

Usiku nikaitazama peke yangu tangu mwanzo. Mwisho wao ni mzuri, sikatai: theluji, nyimbo, msafara mzima unashangilia. Lakini mama wa Kapunda hasemi neno. Nilingoja mpaka majina yote ya wachoraji yakapita, nikidhani labda atasema.