Nyota Mbili kwa Mtoto wa Rosalind

Saa kumi na mbili asubuhi taa za duka la Hebert, mjini Pointe Verret, kusini mwa Louisiana, zinawaka na Ouida Melancon tayari ana damu kwenye aproni. Anapitisha bega la nguruwe kwenye msumeno wa mifupa, anazima mashine, anafuta meza, anavuta bega jingine. Wiki ijayo ni Sikukuu ya Shukrani. Mji mzima unataka bata mzinga aliyetolewa mifupa na kujazwa wali.

Mteja wa kwanza anaingia kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Bi Ouida, nipe mbavu za nyota tatu."

"Zako ni za nyota moja. Mafuta matupu. Unazitaka, huzitaki?"

"Nifungie. Lakini ungempa mtoto wa watu nyota yake."

"Kulipa ni kule mbele."

Kule mbele, kwenye mashine ya kulipia, amesimama Rosalind Prejean. Yeye ndiye mama wa huyo mtoto wa watu. Kwa miaka tisa yeye na Ouida wamekula chakula cha mchana pamoja, wakisengenya wateja. Tangu Jumatatu hajamsemesha Ouida hata neno moja.

Ouida ana umri wa miaka sitini na mmoja, mjane, na nyama ameikata tangu ujana wake. Ijumaa jioni huvua aproni na kwenda kwenye kazi yake ya pili: kuwapima wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa shule za sekondari kwa ajili ya tovuti inayowagawia nyota, kuanzia mbili hadi tano. Makocha wa vyuo vikuu huisoma. Ouida hulipwa dola arobaini kwa mchezo. "Petroli, kahawa, na chenji ya kununulia karanga," anasema.

Kazi hiyo aliikuta ndani ya ndoa. Mumewe, Alcide, ndiye aliyekuwa ameajiriwa, lakini macho yake yalikuwa yameharibika na alikuwa mbishi. "Nilikuwa namwambia ninachoona, anaandika, anatia jina lake. Alipofariki niliendelea kutuma. Hawakugundua chochote mpaka walipotaka kumpa zawadi ya mtathmini bora."

Jumatatu iliyopita alitoa orodha ya mwisho ya wilaya yake, na ndani yake Jarius Prejean, kijana wa miaka kumi na saba, ana nyota mbili.

Jarius hucheza ulinzi wa pembeni. Kazi yake ni kumpita mkingaji na kumwangusha mrushaji mpira. Shule yake imeandika kuwa ana urefu wa futi sita na inchi tatu. Ouida alimsimamisha kwenye mlango wa chumba cha baridi, na soksi tu miguuni, akapata futi sita na inchi moja.

"Kocha wetu huwarefusha wote," anasema. "Makocha wote wa huku ndivyo walivyo. Mimi hupunguza inchi mbili kabla sijashuka kwenye gari."

Mikono ya kijana ni mifupi pia. Mkingaji mkubwa wa chuo atamshika kabla yeye hajamfikia. Kwa kipimo cha Ouida, hizo ni nyota mbili na hakuna mjadala.

Kwa Rosalind hakuna mzaha hapo. Chuo kinadai dola elfu ishirini na tano kwa mwaka, na mshahara wake wote wa mwaka hauzidi hizo kwa mbali. Nyota ya tatu ingefanya simu za makocha zilie na ufadhili uje. Bila hiyo, Jarius atabaki kupanga makopo kwenye rafu za duka lilelile.

Je, hizo nyota husema kweli? Ouida hujibu huku akinoa kisu.

"Kwa wengi, ndiyo. Chuo kinachokusanya vijana wa nyota nne na tano ndicho kitakachoshinda zaidi, usijidanganye. Katika kumi niliowapa nyota tano, sita au saba walicheza kweli. Katika kumi wa nyota mbili, mmoja, na siku njema wawili. Ila nyota hazijui ni yupi."

Ijumaa hiyo jioni timu ya Pointe Verret inacheza mchezo wa mtoano na shule ndogo ya mashambani. Nusu ya kwanza tu, Jarius amemwangusha mrushaji mara nne. Kila akiinuka, jukwaa zima linageuka kumtazama Ouida badala ya uwanja.

"Hesabu, mama wa nyama! Hesabu!"

"Mpeni miwani ya marehemu!"

"Bi Ouida, kalamu ninayo mimi, nikuletee?"

Rosalind, safu tatu chini yake, hageuki. Lakini mabega yake yanacheka.

Kisha mapumziko. Bendi ya wageni inaingia uwanjani na kofia zake za manyoya, na katikati ya mstari wa tarumbeta anatembea kijana mmoja bila kofia, amevaa jezi iliyojaa matope, namba sitini na nne mgongoni. Ndiye mkingaji aliyekuwa akipitwa na Jarius jioni nzima. Shule yao haina watoto wa kutosha. Anayepiga tarumbeta ndiye anayekinga.

Ouida anacheka mpaka anashika mbavu. "Tena anapiga vizuri!" anamwambia jirani yake. Nyota zinabaki mbili.

Jumamosi asubuhi, timu ikiwa imeshinda na kuvuka, Rosalind anaacha mashine yake na kuja hadi kwenye kaunta ya nyama. Wateja wanajifanya kusoma bei za soseji.

"Mara nne, Ouida. Mara nne."

"Kwa mpiga tarumbeta, Rosalind."

"Ungefumba macho. Miaka tisa nakuletea supu yangu ya gambo."

"Na ilikuwa na chumvi nyingi, nilikuambia hivyohivyo. Nikidanganya kwa Jarius, kesho nyota zangu hazimsaidii mtoto wa mtu yeyote."

"Sasa mwanangu afanye nini na ukweli wako? Aule?"

Ouida anaweka kisu chini. Anaeleza kwamba amempigia simu kocha wa chuo kidogo huko Arkansas, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mchezaji yeyote. Amemwambia mikono ni mifupi. Amemwambia inchi moja, si tatu. Halafu amemwambia aje aangalie robo ya mwisho, wenzake wakiwa wameshika magoti kwa uchovu, jinsi Jarius anavyovuka uwanja mzima kumkimbiza mpinzani ambaye si jukumu lake.

"Nyama ikinifikia mimi imeshamaliza kukua," anasema. "Mtoto wako anavaa kiatu kikubwa kama mtumbwi, namba kumi na tano. Yule hajamaliza."

"Anakuja lini?"

"Ijumaa ijayo. Hajaahidi kitu."

"Na akikataa?"

"Arkansas ina vyuo vingine. Simu ninayo."

Rosalind anajifuta uso kwa mkono wa shati. Anauliza kama kocha huyo anakula gambo yenye pilipili. Kisha anamuuliza Ouida anachokitaka yeye hasa katika mambo yote haya.

"Nataka baada ya miaka miwili nikae jukwaani kwenye chuo hicho, Jarius amwangushe mrushaji, na mji huu wote unigeukie unizomee."

"Nitaanza mimi."

"Ukae karibu," anasema Ouida, akichukua kisu chake. "Sikio langu la kushoto halisikii vizuri."