Pipi ya Mwisho Kwenye Kopo

Wasomaji watukufu, gazeti la shule leo linawaletea habari nzito kuliko ya bunge na bei ya mafuta. Tafadhali kaeni vizuri. Inahusu pipi.

Saa moja asubuhi Mama Pipi anakoroga sukari kwenye jiko la mafuta ya taa lenye mguu mmoja uliowekewa kigae. Mtu akibisha hodi, hageuki.

"Karibu, ila usiniongeleshe. Sukari ikisikia maneno mengi inaungua."

Sukari inakuwa njano, kisha kahawia. Anamimina chai ya rangi iliyolala, chumvi kidogo na kijiko cha siki. Mvuke unatanda hadi barazani, kwenye cherehani ya binti yake. Binti anapiga chafya.

"Mama, nguo za watu zitanuka siki!"

"Zitanuka utoto. Waongeze hela."

Mama Pipi ana miaka hamsini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Pipi hizi alizila kwanza kwa mama yake, aliyekuwa na watoto wengi na hakukubali chai ya jana imwagwe.

"Siki sijui ilimjiaje," anasema. "Nasi hatukuuliza. Mdomo ulikuwa na kazi."

Wateja wake wakubwa hawana meno ya maziwa. Wengine hawana meno kabisa. Mhasibu mmoja mwenye tai hukiri kila Ijumaa kwamba utotoni alikuwa akilamba maziwa ya unga chini ya kitanda mpaka yanampalia. Fundi baiskeli yeye alikuwa akitoboa nyanya na kuijaza sukari. "Mpaka leo nafanya hivyo," anasema, "mke wangu akienda kwao."

Lakini mteja anayemnyima usingizi Mama Pipi ni mmoja: kaka yake, anayeishi mbali. Mwaka jana walipomzika mama yao, kaka alitafuna pipi ya dada yake, akaiweka pembeni kwa adabu. "Mdogo wangu, hii nzuri. Ya mama siyo."

Tangu siku hiyo Mama Pipi ameunguza sufuria kumi na nne. Kaka anarudi Jumamosi.

Kipimo chake ni kopo la maziwa juu ya kabati, lenye pipi moja aliyoiacha marehemu. Kila akipika, huifungua, huilamba mara moja tu, na kuifunga tena kwenye karatasi.

Juzi, katikati ya mahojiano, alitoka kumhudumia mteja. Aliporudi alilitikisa kopo. Kimya.

"Nani kafungua?"

Binti alinyoosha mkasi kuelekea kwa mwandishi wa habari hii, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba. Mwandishi alieleza kwamba ni jino.

"Jino gani linanuka siki?"

Hapa inabidi niache kujiita mwandishi. Ni mimi. Bwenini kwetu pipi iliyoachwa peke yake ni mali ya umma, na nilifikiri kwanza kwa mdomo.

Mama Pipi alikaa kwenye kigoda. "Bado ipo?"

"Nimeimeza, mama."

"Yote?"

"Yote. Nisamehe."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alitazama sufuria, kisha akauliza, "Ilikuwaje?"

"Ilianza na uchungu. Nilipoitafuna ikaja chumvi. Siki sikuisikia ulimini, niliisikia puani. Utamu ukaja mwisho, nikishameza."

"Puani?" Aliinuka. "Mwaka mzima nalamba, sijawahi kuitafuna! Siki yake haikuchemka. Mama aliitia jiko likishazimwa."

Binti aliacha kushona.

Adhabu yangu ni hii: mpaka Jumamosi nifike saa kumi na mbili asubuhi, nimesukutua mdomo, nionje. "Ulimi wako ndio kopo langu sasa," alisema. "Ukiugua nitakufuata hukohuko bwenini." Anataka kaka yake aitafune mpaka mwisho, basi. Hata asiposema kitu.

Leo ni Ijumaa. Zimetoka sufuria tano, na zote nimesema bado. Ya tano alinitazama sana.

Mama Pipi, mwanao akikusomea hapa: ya nne ndiyo yenyewe. Nilisema bado ili nipewe nyingine.