Adhana Mbili za Wodi ya Wanaume

Sista Afkar alikuwa na mdomo, na mji mzima wa Damieta, kule Misri, hakuna aliyebisha hilo. Wagonjwa wa wodi ya wanaume aliwaita wakaidi, watoto wakubwa, na akikasirika zaidi, mizigo ya mama zao. Nao wakampenda hivyo hivyo. Sindano ikiwa inauma, alikwambia itauma. Dawa ikiwa chungu, alisema ni chungu, meza, usinitolee macho.

Ndiyo maana Haji Shehata, seremala mstaafu aliyepofushwa na kisukari, hakumeza kidonge kutoka mkono wa mtu mwingine. Zamani kuna nesi aliyemchanganyia dawa kwenye chai bila kumwambia, mzee akaigundua kwa ulimi. Tangu hapo macho yake yakawa Afkar. "Huyu akisema ni mchana, basi ni mchana," aliwaambia wenzake, na Afkar akisikia alijitia hamnazo, lakini moyoni alifurahi kweli kweli.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Daktari akamkataza kufunga, mzee akaitikia kwa adabu zote, kumbe anafunga kimyakimya. Chakula chake cha mchana kilikuwa kinaishia tumboni mwa Ramzi, Mkristo wa kitanda cha jirani aliyevunjika mguu. Ramzi wala hakulalamika. Alishaanza hata kunenepa.

Siri ilifichuka alasiri moja, mzee alipoanza kutokwa jasho na kutetemeka. Afkar akampima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

"We mzee mkaidi! Umefunga?"

"Nimefunga. Na sifungui mpaka magharibi."

Alipowekewa dripu akaichomoa, akaukumbatia mkono wake kifuani. Moyo wake ulikuwa dhaifu, na kungoja mpaka azimie ndipo atibiwe kulikuwa kumchezea roho. Jua nalo bado liko juu ya mapaa, halina haraka.

Daktari Hazim, kijana mpole, akamvuta Afkar mlangoni. "Sista, mzee haoni. Mimi nitapiga adhana kwenye simu hapa, wewe mwambie magharibi imeingia. Atakunywa, yaishe."

"Nimdanganye?"

"Unataka tumzike?"

Afkar alitaka kutukana, akakosa tusi. Alijua mzee ataamini kwa sababu tu ni yeye anayesema, na hilo ndilo lililomkata maini. Lakini midomo ya Haji ilishapauka, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa kukokota. Akachukua glasi ya sharubati ya aprikoti.

Simu ikaadhini. Afkar akainama. "Haji wangu mpenzi," akasema, "magharibi hiyo. Futuru, baba."

Mzee akamgeuzia uso. Kisha akasema bismillahi, akanywa yote.

Rangi ikamrudia, jasho likakauka. Daktari Hazim akaenda zake ametabasamu. Dirisha lilikuwa wazi, na Afkar angeweza kulifunga; mtu mwingine angelifunga. Yeye alivuta kiti akakaa pale pale, roho mkononi, akingoja adhana ya kweli imfumanie.

Ikaja, msikiti mmoja ukipokea baada ya mwingine, mji mzima.

"Afkar," mzee akasema, "hiyo ndiyo yenyewe, sivyo?"

"Ndiyo, Haji. Ile ya kwanza ilikuwa ya simu. Nimekudanganya."

"Nilijua. Tangu lini mimi nikawa mpenzi wako? Siku zote mimi ni mzee mkaidi!"

Ramzi akapaliwa kwa kicheko. Afkar hakucheka. "Sasa mbona ulikunywa?"

"Sauti ilikutetemeka. Nikasema, lo, kama Afkar anaogopa hivi, basi nakufa kweli. Ungeniambia tu, mwanangu. Ungenipigia kelele: Shehata, jua bado lipo na wewe unakufa, kunywa!"

"Na ungekunywa?"

"Sijui," mzee akasema. "Lakini ningeamua mwenyewe."

Akaomba tende, akala, akamshukuru. Afkar akadhani yamekwisha.

Kesho yake, mzee hakufunga. Afkar akampelekea dawa kama kawaida. "Kidonge cha moyo, Haji."

Mzee hakufungua mdomo. Akageukia kitanda cha jirani. "Eti Ramzi, hebu kitazame. Ni kile cheupe?"

"Ni cheupe, Haji," Ramzi akajibu kwa aibu.

Hapo ndipo mzee akameza. Afkar akaenda chumba cha dawa, akalia mpaka shungi likalowa. Ikawa hivyo mwezi mzima uliobaki: yeye amesimama na kidonge mkononi, mdomo wake wote ule umefungwa, akingoja Ramzi amtolee ushahidi. Hakunung'unika hata siku moja. Aliona ni haki ya mzee.

Asubuhi ya Idi aliingia na kahki, biskuti za sikukuu zilizonyunyiziwa sukari, kisha akatoa dawa. "Kidonge cha moyo, we mzee mkaidi."

Ramzi, aliyeshazoea kazi yake, akajiinua kwa kiwiko atazame.

"Wewe lala," Haji Shehata akamwambia. "Nani amekuuliza?"

Akafungua mdomo.