Kibandiko cha Sungura

Niliona video kwenye simu: sungura waliobanwa shingo ndani ya masanduku, wanatiwa dawa machoni ili kampuni ijue kama krimu yake itamuwasha mwanamke. Nililia kwa hasira. Kesho yake nikajiunga na kundi la mtandaoni linalopinga majaribio hayo, nikachapisha furushi la vibandiko: sungura anaruka, na chini yake maneno, "Haikujaribiwa kwa mnyama."

Kolwezi, mji wetu hapa Kongo, ilinicheka. Kwetu, mtaa wa Kapata, sungura anafugwa nyuma ya nyumba na kuliwa kwa bukari, ugali wetu. Mama yangu alitia saini ombi langu la kupinga majaribio, kisha akarudi kumchuna sungura wa chakula cha mchana.

Sokoni mtu mmoja tu alinisikiliza, mama mwenye asili ya Kasai anayeuza melanji. Hizo ni krimu za kung'arisha ngozi. Anaziagiza kutoka Dilolo, mpakani na Angola, na kuzikoroga mwenyewe kwenye beseni.

"Mi sina na sungura, mama," aliniambia, akapandisha mkono wa blauzi. "Mi najaribisha hapa."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mabaka kuanzia kiwiko hadi kiganjani, mengine mekundu, mengine meusi tii. Niliyaona. Siwezi kujitetea, niliyaona vizuri kabisa, na bado nikafurahi kwamba hakuna mnyama aliyeumia. Nikambandikia vibandiko kwa mkono wangu, kopo kwa kopo, nikapiga picha nikaituma kwenye kundi. Walinipongeza sana, na mimi nikavimba kichwa.

Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa akijiandaa kwa siku ya mahari yake. Alitaka uso ung'ae kwenye picha. Najiambia kwamba angeniuliza ningemkataza. Hakuniuliza, maana kopo alilonunua kwa yule mama lilikuwa na sungura wangu, na yeye tangu utotoni anaamini kila ninachosema. Siku ya nne mashavu yalivimba. Siku ya sita ngozi ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na muuguzi wa zahanati akasema aache kila kitu, akae mbali na jua, tusubiri. Siku ya mahari alikaa amejifunika kitenge hadi puani, huku shangazi za mchumba wakinong'onezana.

Nilimwendea yule mama sokoni. Nilimfokea mbele ya wateja.

"Nilidanganya wapi?" aliuliza, bila hata ukali. "Njo vile uliandika, haikujaribiwa ku nyama. Mi njo nilijaribisha, ku mukono yangu."

Nikaanza kubandua vibandiko kwa kucha, naye akaniacha nibandue. Nilipoinua macho nikaona meza ya kushoto na ya kulia zimejaa sungura yuleyule, wa fotokopi, kwenye makopo ya wauzaji wengine. Nilisimama pale na vipande vya karatasi vimening'ang'ania vidoleni, sijui nianzie wapi.

Harusi imeahirishwa. Vidonda vimepona, lakini mashavuni yamebaki mabaka meusi, nami kila nikimtazama natamani kuinamisha uso. Jana alitoka sokoni na kopo jipya, la kuondoa mabaka. Ananiita yaya, kama mtu wa hapa anavyomwita dada yake mkubwa. Alinigeuzia kopo ubavuni nione.

"Usiogope, yaya," alisema. "Hii iko na sungura yako."