Mfuko Ujae

Shangazi yangu alifanya kazi maabara miaka thelathini, akichekecha udongo wa mbuga za juu kabisa mlimani, bila kukanyaga huko hata siku moja. Wachimbaji wakileta kidogo aliwafokea: "Huu udongo au ugoro? Mfuko ujae!"

Wiki aliyostaafu wakampandisha, akilaumu kila jiwe njiani. Katikati ya nyasi fupi akakuta safu ya mashimo meusi, hayana hata jani moja.

"Nani kachimba ovyo hapa majuzi?"

"Majuzi? Lile la kwanza, mama, lilichimbwa kujaza mfuko wako mwaka ulioanza kazi," akajibu mchimbaji. "Kwa baridi hii nyasi hazirudi upesi." Akainua jembe. "Nikuchimbie kidogo, iwe ukumbusho?"

Shangazi akamnyang'anya jembe, akalikalia.